Raba Haitaki Rangi, na Plastiki Ina Masharti

Katika kazi zote ambazo mtu wa mjini huamua kuzifanya mwenyewe Jumamosi asubuhi, hakuna inayoanza kwa matumaini makubwa na kuishia kwa aibu ya wazi kuliko kupuliza rangi sehemu za plastiki na raba za gari. Bomba la jikoni likimshinda mtu, aibu inabaki jikoni. Shati likiungua kwa pasi, linafichwa kabatini. Lakini bampa lililobanduka rangi linaendeshwa barabarani, linapita Ubungo na Mwenge, linakaa kwenye foleni mbele ya daladala iliyojaa, na kila abiria aliyesimama anapata muda wa kutosha kulisoma. Ajali hii tumeizoea, na kwa kuizoea tumeitafutia maelezo ya kutuliza moyo: mpakaji hana mkono, au rangi ilikuwa feki, au jirani ana kijicho. Mimi nasema sababu ni nyingine. Mpakaji anachukua chombo kilichobuniwa kwa ajili ya chuma, anakielekeza kwenye vitu viwili vilivyotengenezwa ili visishikwe na chochote, halafu kazi yote anaipa muda wa kunywa chai. Raba haipakiki, na tuache kujaribu. Plastiki inapakika, ila kupaka ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi. Kazi ni yale yanayotangulia. Asiyeyataka hayo aiache plastiki yake izeeke na kijivu chake kwa heshima.

Mshitakiwa wa kwanza ni kopo. Mnorwe Erik Rotheim alibuni kopo la kupuliza kwa shinikizo la gesi katika miaka ya 1920, lakini kutia rangi ndani yake ni wazo la mwaka 1949, na mwenye wazo ni mwanamke: Bonnie Seymour, mke wa mfanyabiashara wa rangi Edward Seymour wa mji wa Sycamore, jimbo la Illinois, Marekani. Mume alikuwa na rangi ya alumini ya kupaka radieta za kupashia nyumba joto, akitafuta njia nyepesi ya kuwaonyesha wateja; mke akamshauri aitie kwenye kopo. Tazama basi nasaba ya chombo hiki. Kilizaliwa nchi ya baridi, kwa ajili ya chuma kilichotulia ukutani, kisichopinda, kisichopigwa na kokoto, kisichosuguliwa kwa brashi na vijana wa kuosha magari. Leo tunakitaka kifanye kazi Temeke saa sita mchana, juu ya kitu kinachotikisika kila penye tuta.

Tena kopo lina hila ya kumfanya mtu aone kazi imekwisha kabla haijaanza. Hakuna brashi, hakuna ndoo, hakuna kompresa, bonyeza, inatoka. Haambiwi kwamba sehemu kubwa ya zile mililita 400 ni gesi ya kusukumia na viyeyushi vinavyopotea hewani ndani ya dakika chache, na kwamba kinachobaki kwenye bampa ni utando mwembamba usioweza kuficha hata mkwaruzo wa kucha. Ile gololi inayolia ndani imewekwa ili ikoroge rangi iliyotuama chini, na makopo mengi yanaagiza litikiswe dakika mbili tangu mlio uanze kusikika. Dakika mbili ni umri mrefu kwa mtu ambaye kidole chake tayari kiko juu ya kitufe. Anatikisa mara tano, anapuliza, na kopo linatema kwanza maji ya rangi ya chai, halafu madonge. Hapo ndipo husikika kauli ya kwanza kwamba rangi hii ni ya Kichina, hata kama kopo limeandikwa kwa Kijerumani.

Mshitakiwa wa pili ni plastiki, na huyu ana utetezi mzuri: alifanya alichoajiriwa kufanya. Mabampa mengi ya magari yetu ni ya polipropilini iliyochanganywa na mpira. Mtaliano Giulio Natta aliipata polipropilini imara mwaka 1954, na mwaka 1963 akashiriki na Mjerumani Karl Ziegler Tuzo ya Nobel ya Kemia. Viwanda viliipenda kwa kuwa ni nyepesi, ni rahisi, na haijali. Kasha la betri ya gari hutengenezwa kwa plastiki hiyo hiyo, kwa sababu asidi hailiwezi. Kitu ambacho asidi imekaa nacho miaka mitatu bila kukitia hata alama, sisi tunategemea kukishawishi kwa kopo moja na nia njema. Wataalamu hupima ukaidi huu kwa kuangalia nishati ya uso wa kitu. Uso wenye nishati ndogo hauchangamani na kinachomwagwa juu yake; maji hujikusanya matone juu ya polipropilini kama yanavyofanya juu ya jani la mgimbi. Uso wake una daini 30 hivi kwa sentimita, ilhali wanaopaka rangi na kuchapa wino juu ya plastiki hutaka walau 38 ndipo waamini kitu kitashika. Balaa ni kwamba rangi ya kopo, kwa wepesi wa viyeyushi vyake, inaweza kutandaa vizuri sana siku ya kwanza. Inang'aa, inapigwa picha, inatumwa kwenye kundi la ukoo. Haijashika. Imelala tu, na siku gari likioshwa kwa mashine ya maji ya presha, inaamka yote kwa pamoja na kuondoka ikiwa ngozi moja.

Kwa hiyo mwenye busara huligeuza bampa kabla hajaligusa kwa rangi. Nyuma, mahali pasipoonekana, kiwanda kimeandika jina la plastiki katikati ya alama mbili zilizochongoka, kwa mfano >PP+EPDM-T20<. PP ni polipropilini, EPDM ni mpira, na T20 ni kusema asilimia 20 ya mchanganyiko ni unga wa talki, ile ile wanayopakwa watoto baada ya kuoga. Vifuniko vya saiti mira na shoo ya mbele mara nyingi huandikwa ABS, na hiyo ni plastiki ya tabia nyingine kabisa: viyeyushi vya rangi huing'ata kidogo juu juu, na rangi inapata pa kushika. Hapa tunapata jibu la hoja inayoletwa kila kijiweni, kwamba jirani alipuliza saiti mira zake bila praima wala mbwembwe na mpaka leo zinang'aa. Zinang'aa kwa sababu ni ABS. Jirani huyo huyo apulize ukingo mweusi juu ya tairi kwa kopo lile lile na mkono ule ule, tuonane baada ya masika. Lakini hata ABS ina kikomo cha uvumilivu: ukiifuta kwa tina kali inapata nyufa ndogo ndogo, na kioo cha plastiki cha taa za mbele, ambacho ni polikaboneti, kikifutwa kwa tina huingia ukungu ambao hautoki kwa dua wala kwa dawa ya meno.

Pasipo maandishi, mafundi wana kipimo cha glasi ya maji. Kata kipande kidogo kutoka ukingo wa ndani, kitupe majini. Polipropilini tupu huelea, maana sentimita moja ya ujazo ina gramu 0.9 hivi, ABS huzama. Wahenga walituachia kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika kazi hii, ukiona chaelea, jua una shida. Na kisipoelea usipige vigelegele upesi, kwa kuwa ile talki asilimia 20 inatosha kuizamisha hata polipropilini. Ndiyo maana nasema maandishi ya mgongoni ni bora kuliko ushahidi wa glasi, na glasi ni bora kuliko ushahidi wa jirani.

Upinzani una hoja nzito zaidi ya hiyo. Mbona bampa la kiwandani ni la plastiki, lina rangi ya gari zima, na halibanduki? Ni kweli, na wahenga sasa wanarudi upande wangu: hilo limeundwa. Kiwandani bampa huoshwa, halafu hupitishiwa ndimi za moto wa gesi kwa muda mfupi sana ili uso wake upate oksijeni ya kushikia rangi, au hupuliziwa praima yenye polipropilini iliyotiwa klorini, ambayo upande mmoja inaelewana na plastiki na upande wa pili inaelewana na rangi. Kisha hupakwa rangi yenye unyumbufu, kisha huingizwa kwenye tanuri la nyuzi 80 hivi, maana plastiki haivumilii joto la zaidi ya nyuzi 150 linalokaushia praima ya bodi ya chuma. Mwaka 1968 Pontiac walipotoa gari la GTO lenye bampa la mpira mgumu lililopakwa rangi ya gari, jambo lilikuwa kubwa kiasi kwamba tangazo la televisheni lilimwonyesha mkuu wao John DeLorean akiligonga kwa nyundo na lisiumie. Nyuma ya nyundo ile kulikuwa na wakemia, maabara na rangi iliyotengenezwa makusudi ipinde pamoja na bampa. Nyuma ya kopo letu kuna ua, ndoo ya maji na kamba ya nguo. Kuna pia waliosikia habari za moto wa kiwandani wakaamua kuuiga kwa kiberiti cha gesi. Plastiki yao kweli ilirudia weusi wake kwa muda. Sehemu nyingine ilirudia umbo la siku za kiwandani, kabla haijawa bampa.

Jambo lingine la kuchekesha, kama si gari lako, ni kwamba anayelipenda gari lake ndiye anayeadhibiwa zaidi. Miaka mitatu amelifuta kwa maji maji ya kung'arisha plastiki na matairi, yale yanayouzwa kwenye taa za barabarani na kuacha mng'ao wa nywele zilizotiwa mafuta. Mengi ya maji hayo yana silikoni, na silikoni ni adui wa rangi asiye na msamaha. Tone dogo lililobaki linatosha kuifanya rangi ikimbie, iache vishimo vya duara uso mzima. Kitambaa kikavu hakiiondoi, kinaihamisha kutoka kushoto kwenda kulia. Mwenye gari chafu lililotelekezwa chini ya mwarobaini anaweza kufaulu palepale anaposhindwa mwenye gari linalofutwa kila asubuhi, na huo si uonevu, ni kemia. Dashibodi nayo ina kesi yake. Nyingi zina ngozi ya plastiki laini yenye vilainishi vinavyopanda juu polepole, vikiifikia rangi vinailainisha nayo, na dereva anaishia kuwa na dashibodi inayonata kila anapoweka simu. Ukiipaka rangi ya kung'aa, inajiona kwenye kioo cha mbele jua likiwaka. Na ukifunika kwa rangi nene mshono wa kifuniko cha mfuko wa hewa, umeziba mahali pale pale panapotakiwa kupasuka siku ya ajali. Ndani ya gari, basi, mzaha unaishia mlangoni.

Jua letu ni shahidi wangu mwingine. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi hugeuka kijivu kwa sababu miale ya jua huzikata molekuli zake ndefu, na uso unabaki unga mwepesi. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyopita miaka minane tangu yatengenezwe, maana yake hata gari linaloitwa jipya mtaani linaweza kuwa limeshaota jua la Japani miaka saba kabla ya kuonja la Mombasa. Anayepuliza rangi juu ya unga huo hajapaka bampa. Amepaka vumbi la bampa. Joto nalo linavuta kila kitu kwa kipimo chake. Bodi ya chuma yenye urefu wa bampa, ikipanda kutoka nyuzi 25 za alfajiri hadi 65 za mchana, inarefuka kwa chini ya milimita moja. Bampa lenyewe linarefuka kwa milimita kadhaa, jioni linarudi, kesho linaanza tena. Rangi ngumu ya chuma iliyopakwa hapo inaombwa kufanya mazoezi ya viungo kila siku ya Mungu, na siku inapokataa inapasuka.

Kama plastiki ina masharti, raba haina hata meza ya mazungumzo. Ndani ya mpira wa tairi wametia nta na kemikali za kuulinda dhidi ya ozoni, na kinga hiyo inafanya kazi kwa kutoka ndani kupanda juu, mwaka hadi mwaka; ile rangi ya kahawia inayoonekana ubavuni mwa tairi ni kinga iliyokwisha kazi yake. Kwa hiyo anayepaka rangi ubavu wa tairi amejenga juu ya ardhi inayosukumwa kutoka chini bila kupumzika, na kila tairi linapozunguka ubavu huo unakunjwa na kukunjuliwa. Raba za milango ni kisa kingine. Zimewekwa ili zibanwe. Rangi iliyo juu yake, ikishapata joto na mbano, inagandamana na bodi. Asubuhi mlango unakataa kufunguka, unafunguliwa kwa hasira, na nusu ya rangi inabaki kwenye fremu wakati nusu nyingine inabaki kwenye suruali ya abiria wa nyuma. Raba ya waipa ikipakwa, mvua ya kwanza inatumika kuchora kioo. Na kuna hoja hapa isiyo ya kicheko. Tairi lina tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa, 2319 ikiwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na lina nyufa zinazotaja umri wake hata tarakimu zikinyamaza. Rangi nyeusi inafunika vyote viwili. Tairi kuukuu lililopakwa likang'aa halijawa jipya. Limenyimwa nafasi ya kukuonya.

Tuseme mtu ameyakubali yote, ameiacha raba, amelisoma bampa mgongoni, amenunua praima ya plastiki. Bado kuna ua. Ua wa nyumba ya mjini una wakazi wengi kuliko wanaojulikana kwa mjumbe: vumbi, kuku, watoto, kamba ya nguo na upepo. Akipuliza mchana kweupe juani, viyeyushi vinakauka kabla rangi haijatulia na uso unabaki na vipele. Akingoja kivuli cha jioni, mbu wanatua na hawaondoki tena. Akingoja asubuhi ya masika, kukauka kwa haraka kwa viyeyushi kunaupoza uso, unyevu wa hewa ya pwani unatua juu yake, na rangi nyeusi inavaa ukungu mweupe. Akishindana na upepo, rangi inayolikosa bampa haipotei. Inaruka ukuta na kutafuta shuka jeupe kuliko yote mtaani. Mtoto naye haamini neno la mtu mzima kwamba rangi ni mbichi mpaka athibitishe kwa kiganja kizima. Yote haya yanaitwa bahati mbaya, lakini bahati inayotokea kwa kila mtu, kila Jumamosi, haifai kuitwa bahati. Ni mahali pasipofaa kwa kazi hiyo, basi.

Wapo watakaosema natisha watu bure, kwani kopo la rangi limemuua nani? Tangu dunia ilipokubaliana Montreal mwaka 1987 kuachana na gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, makopo mengi yanasukumwa na propani na butani, jamaa wa karibu kabisa wa gesi ya kupikia. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, na haichagui jiko la mkaa la nani. Kopo lenyewe huagizwa lisipate joto la zaidi ya nyuzi 50, nalo tunaliacha kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Likiisha tunalitupa kwenye moto wa taka nyuma ya nyumba, kisha tunashangaa mlio. Rangi za kopo zenye kikaushio ndani huwa na aisosianeti, zinazoweza kumwachia mtu pumu, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Kuna vifaa vya kupumulia vyenye mkaa wa kuchuja kwa kazi hiyo. Asiye navyo atumie rangi ya kawaida, mahali pa wazi, mbali na moto.

Inabaki hoja ya mfuko, na naiheshimu. Fundi rangi ni ghali, kopo ni rahisi. Ni kweli, kwa sharti kwamba kopo litumike mara moja. Rangi ikibanduka, fundi atakulipisha kwanza kuitoa yako ndipo aanze yake, na kwenye plastiki hawezi kumwaga dawa kali ya kutolea rangi kama afanyavyo kwenye chuma. Atasugua kwa msasa kila kona, na kila kona ina bei. Tena sisemi fundi ni malaika. Kwenye gereji bubu wapo wanaopuliza bampa kwa kompresa bila praima ya plastiki, na kazi yao inabanduka sawasawa na ya nyumbani, ila kwa risiti. Kabla ya kumwachia mtu gari, muulize anaanza na nini. Akijibu anaanza na rangi, mshukuru na uondoke. Akianza kueleza habari za sabuni, weka kiti ukae.

Maana sabuni ndiyo kazi yenyewe. Sehemu itolewe kwenye gari ikiwezekana, ioshwe kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, ikauke, ifutwe kwa dawa ya kuondoa mafuta na silikoni, kitambaa kikigeuzwa kila mara. Isuguliwe kwa msasa laini wa maji, namba 600 hadi 800, mpaka mng'ao wote ufe, ioshwe tena, ifutwe tena. Ndipo praima ya plastiki ipigwe nyembamba, kwa kufuata muda ulioandikwa kwenye kopo lake. Ndipo rangi, kopo likiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kazi, kwa mikono kadhaa myepesi, kila mmoja ukisubiri dakika kumi au kumi na tano, wa kwanza ukiwa mwepesi hata plastiki ionekane chini yake. Mpaka hapa mpakaji ametumia kopo la rangi kwa muda mfupi kuliko alivyotumia ndoo. Halafu asubiri kesho yake kabla ya kurudisha bampa kwenye gari, na wiki kadhaa kabla ya kulipeleka kwa mashine ya presha. Kwa plastiki yenye vinyweleo na mikunjo, kama zile kingo nyeusi juu ya matairi, hata haya hayatoshi, kwa kuwa msasa unaua ule mchoro wa kiwandani na rangi inaujaza. Hizo zipakwe dawa ya kurudisha weusi, kazi ya nusu saa, zirudiwe zinapofifia.

Mwisho kuna wanaosema haya yote ni ukali usio na sababu, kwamba mtu anapuliza rangi kwa kujifurahisha na furaha haina praima. Hao siwezi kuwapinga, ila nawaomba waanze na wilkapu. Ni za plastiki, zinatoka zote nne kwa mkono, bei yake haiumizi, na gari likitembea hakuna binadamu anayeweza kuziona makosa. Atakayeona wilkapu zake zimepita masika bila kumwaga ngozi amefaulu mtihani na anaweza kusogea kwenye saiti mira. Atakayefeli amejifunza kwa gharama ya wilkapu. Kwa bampa lililochoka kabisa, maduka ya vipuri vilivyotumika ya Ilala yanaweza kuwa na jingine la rangi ya gari lako, lililopakwa kiwandani na watu wenye tanuri. Raba ioshwe kwa sabuni na maji, ikipasuka ibadilishwe. Na wewe msomaji uliyekwisha kununua kopo na kulificha chini ya kitanda ukisubiri Jumamosi, ligeuze kwanza bampa usome lililoandikwa mgongoni. Ukikuta PP na huna praima ya plastiki, lifunge kopo, uende ukanywe chai.